Nimeitoa Betri ya Baba Mwenda

Timau, Jumanne, mwezi wa saba

Leo mlima haujaonekana, na hii ni siku ya nne. Ukungu ulikaa juu ya ngano za watu hadi saa sita, ukaondoka kidogo, ukarudi kama mtu aliyesahau mwavuli. Asubuhi majani ya viazi vyangu yalikuwa meupe kwa barafu. Kufika mchana yalikuwa meusi, yameungua. Mimi ni mtu wa Karurumo, nilizaliwa kwenye joto na kahawa. Nimeolewa huku zaidi ya miaka arobaini na baridi hii bado sijaisamehe.

Sina furaha leo. Nasema mapema ili anayetafuta kucheka aende kwingine.

Na mnisamehe mwandiko. Sijaingia darasani hata siku moja. Herufi nilizipata kanisani, kwa kitabu cha nyimbo, nikiwa na watoto watatu tayari. Mkiona nimekosea, rekebisheni kimyakimya muendelee.

Mume wangu, Baba Mwenda, alipigwa na kiharusi mwezi wa tatu. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu, na maneno yakapotea. Sasa maneno yamerudi, lakini yanapita moja moja, kama ng'ombe kwenye lango jembamba. Kabla ya hapo alikuwa dereva. Pikapu yake ilibeba viazi na karoti kutoka huku hadi Maua miaka na miaka, na hakuwahi kushindana na wale wa miraa wanaokimbia utadhani wamefukuzwa na nyuki. Alikuwa akisema viazi havina haraka.

Hiyo pikapu iko chini ya mabati, kando ya dirisha la chumba tunacholala.

Alipotoka hospitali alilala akiangalia ukuta. Wiki nzima. Uji unapoa, napasha, unapoa tena. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia mbele yake, jambo ambalo si tabia yangu. Hakugeuka. Halafu asubuhi moja mabati yakawa yanavuja juu ya gari, na jirani akaja kulisogeza. Alipowasha injini tu, Baba Mwenda akageuka. Akaangalia dirishani, akaniangalia mimi. Nikakimbia kuleta uji, akanywa kikombe kizima.

Mimi nikaona nimepata dawa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, nimekuwa nikiliwasha gari. Kuendesha sijui. Najua kupanda, kuhakikisha gia haijaingia kama jirani alivyonionyesha, na kugeuza ufunguo. Naimba wimbo mmoja wa kanisa mwanzo hadi mwisho, kisha nazima. Ni kama dakika tano hivi. Naingia ndani mikono imekufa ganzi, namwuliza, "Umeisikia?" Anasema, "Nimeisikia." Halafu anakula.

Na nikishamlisha, namdanganya.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilikuwa namwambia baridi ikiisha, kufika mwezi wa tisa, ataliendesha hadi Maua. Mimi! Mimi niliyemwambia mchungaji mbele ya waumini kwamba mahubiri yake ni marefu na watoto wana njaa. Daktari alinivuta kando mwezi wa tano, akaniambia huyu mzee hataendesha tena. Si mwaka huu, si mwakani. Macho yake hayaoni upande wa kulia. Maneno hayo nimetembea nayo miezi miwili na sikuyaweka chini popote.

Juzi Jumapili gari lilikohoa mara tatu ndipo likawaka. Jana likasema tek, tek, tek, likanyamaza. Nikamwambia mzee ni upepo ulikuwa mwingi, ndiyo maana hakusikia. Uji alikunywa nusu.

Basi leo nikamwita Kirimi, fundi wa hapo mjini, mtu mzima mwenye mikono mizuri na mdomo usiofungwa. Alifika kwa pikipiki yake, kajifunga shuka mbili.

"Muuga, cucu," akanisalimu kama anayemsalimia nyanya yake.

"Muuga. Hiyo gari imenigomea. Iambie iwake."

Akafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe na wa kijani. Akaniuliza gari linaenda wapi siku hizi. Nikamwambia haliendi mahali. Nawasha dakika tano, nazima. Akasimama wima, akashika kiuno.

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Ai, cucu! Si basi wewe ndiye umeimaliza hii betri!"

Akanieleza pale pale, kwa sauti ya mtu anayeuza sokoni. Ukiwasha gari, ule mwanzo tu unainywa betri kwa pupa. Injini inatakiwa itembee kama saa nzima ndipo irudishe ilichonywa. Mimi nilikuwa nachukua kila asubuhi na kurudisha tone. Ni kumkamua ng'ombe mara mbili na kumpa kiganja cha majani, na baridi ya Timau nayo inamkalia mgongoni. "Gari likilala msimu wa baridi, unalitoa betri," akasema. "Unaliacha lilale. Ungeitoa mwezi wa tatu, saa hii ingekuwa nzima."

Ungeitoa mwezi wa tatu! Huyo hajui anachosema. Ningeitoa mwezi wa tatu, mtu wangu ningemlisha kwa dawa gani?

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Lete spana. Nitaitoa mwenyewe."

"Utachafuka, cucu."

"Nimezalisha ng'ombe kwa mikono hii, Kirimi. Unaniogopesha na grisi?"

Sijui kama mtanielewa. Kama ni mimi niliyeimaliza, sikutaka mtu mwingine aitoe nikiwa nimesimama pembeni kama mgeni.

Akanipa spana namba kumi, akaenda kutafuta kitambaa kwenye pikipiki. Mimi nikaanza na ile waya nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Ilikuwa imekaza. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na mkia wa spana ukagonga chuma cha gari. Paa! Cheche ya buluu ikaruka, spana ikaenda kule. Betri niliyodhani imekufa bado ilikuwa na kitu ndani. Kirimi hata hajafungua mdomo, sauti ikatoka dirishani.

"Nyeusi kwanza, wewe mwanamke! Nyeusi!"

Baba Mwenda. Maneno matano kwa mkupuo. Tangu mwezi wa tatu sijamsikia akiunganisha zaidi ya mawili.

Kirimi alicheka hadi akashikilia kioo cha pembeni. "Mzee ako sawa! Cucu, sikia mwalimu!" Mimi sikucheka. Niliangalia dirisha nikaona liko wazi kiasi cha mkono. Kumbe alikuwa amesikia yote. Ya betri, ya dakika tano, ya gari kulala.

Tukaanza upya. Nyeusi kwanza, nikaisukuma kando na kuifunga kitambaa isije ikarudi yenyewe. Halafu nyekundu. Halafu kile chuma kinachoibana betri isicheze. Kirimi akavimwagia vichwa maji ya moto, ule unga ukatoa povu na kuondoka. Akaipakia kwenye pikipiki aende akaichaji kwake. Akirudi nayo, itakaa jikoni juu ya ubao, mahali pakavu mbali na moto, hadi baridi ipite. Pale ilipokuwa imekaa pamebaki nafasi ya mraba yenye majani makavu na kiota cha panya. Nikafunga boneti.

Sikuingia ndani mara moja. Nilienda kuangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nilipoingia nilimkuta amejivuta kwenye mto kwa mkono wa kushoto, amekaa.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Asante."

Asante ya nini? Nikaanza kumwambia asijali, asubuhi itakuwa kimya kidogo, lakini baridi ikiisha... Akainua ule mkono mmoja, nikanyamaza. Halafu akaongea. Ilichukua muda mrefu, neno, anapumzika, neno. Nilitaka kumsaidia kumalizia nikajiuma ulimi.

Ile siku ya kwanza, akasema, aligeuka kwa sababu alidhani mtu anaiba gari.

Mwizi. Miezi minne nimetetemeka huko nje kwa sababu ya mwizi ambaye hakuwepo!

Na baada ya hapo alidhani ni mimi ninayelipenda. Alidhani natoka kwenda kukaa mahali pake pale kwenye usukani, niimbe, nijiliwaze. Akaona aniachie. Kila asubuhi alikuwa analala hapa anasikiliza gari lake linanguruma na haliondoki. Anangoja nimalize wimbo. Siku nyingine, akasema, alikuwa anauma blanketi asilie.

Nikamwuliza, "Na mbona ulikuwa unakula?"

"Nikila, unakaa."

Nimewahi kusemwa vibaya maishani na sikujali. Mama mkwe wangu alinisema miaka kumi na saba. Lakini hayo maneno mawili sijui niyapeleke wapi. Kwa sababu ni kweli. Siku nzima mimi ni ng'ombe, kuni, viazi, maji, kumgeuza, kumfulia, kumkemea asilale upande mmoja. Sikai. Nakaa tu nikiwa na kijiko mkononi. Mtu alikuwa anajilazimisha kula ili mke wake akae chini, na mke wake akaona ni injini.

Halafu akaniuliza daktari alisema nini.

Nikamwambia. Yote, bila sukari. Kwamba ni macho, kwamba si suala la baridi kuisha, kwamba nilijua tangu mwezi wa tano. Alinisikiliza hadi mwisho akiniangalia usoni. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Kisha akaanza kugeuka. Kugeuka kwake ni kazi, anashika ukingo wa kitanda, anavuta, anapumzika, anavuta. Sikumsaidia na sikumzuia.

Sasa anaangalia ukuta tena. Viazi vya jioni nimevitoa kama nilivyoviingiza.

Watu hunisifu ati mimi nasema ukweli. Ukweli wangu nimewaambia watu wanaoweza kukasirika, wakachukua leso zao wakaenda nyumbani. Huyu nimemwambia na hana pa kwenda nao. Ameachwa nao hapo kitandani. Je, ningeendelea na uongo hadi mwezi wa tisa? Na mwezi wa tisa ningemwambia nini?

Naiogopa asubuhi. Nimezoea kuingia kwake nikiwa na kitu nimemfanyia, na kesho sitakuwa na kitu.

Nitaingia na uji. Nitavuta kigoda karibu na kitanda, nikae, kabla hajaonja chochote. Asipogeuka, nitakaa hivyo hivyo nikiangalia mgongo wake, mpaka ng'ombe wapige kelele.