Wimbo wa Harusi ya Laure

Kibondo, kambi ya wakimbizi, 4 Machi 1997

Mdogo wangu Jovithe,

Habari za kazi huko redioni Rohero? Mama anaendeleaje na presha? Sisi tupo, mtoto amepona malaria.

Jumapili redio ya jirani ilishika stesheni yenu, ikapiga wimbo wangu, ule niliomtungia Laure tulipooana. Niliruka juu, nikawaambia watu ni wangu. Mtangazaji akasema ni wimbo wa zamani, hauna mtunzi. Walinicheka, na Laure akalia. We ndiye unaandikisha nyimbo za watu. Nani ameandika hivyo? Weka jina la kaka yako, sina kitu kingine nilichobakiwa nacho.

Yaya wako, Anselme

Bujumbura, 20 Julai 1997

Yaya,

Msalimie shemeji. Mama ni mzima, presha imeshuka. Barua yako nilikaa nayo miezi, nilikosa uso wa kukujibu.

Ni mimi niliyeandika. Watu wa Kamenge, mtaa wako, walipokimbia vita, shefu wangu wa kazi alishika fishi yako, karatasi ya wimbo wako, akaniuliza kama nakujua. Siku hizo mwenye ndugu aliyekimbia alihesabiwa muasi. Unajua kwetu kila mtoto ana jina lake, si la ukoo, hakuna karatasi inayoonyesha tu ndugu. Nikasema: "Apana, huyu mutu simujui." Basi akaniamuru niandike kwamba wimbo hauna mwenyewe.

Kusahihisha kunataka shahidi aliyekusikia ukitunga. Waliokuwa harusini wote wametawanyika, nimebaki mimi na Mama, naye simpeleki mbele ya shefu; na shahidi lazima aandike anavyohusiana na mtunzi, yaani undugu wetu. Naogopa, yaya. Nisamehe.

Mdogo wako, Jovithe

Kibondo, 2 Septemba 1997

Jovithe,

Pole na hofu. Hapa tu wazima. Nilikukasirikia siku tatu. Ya nne Laure akaniuliza mimi ningesema nini mbele ya shefu huyo. Nikaomba karatasi nikuandikie.

Acha, usiandike kitu. Wimbo nitatunga mwingine. Kaa na Mama.

Yaya wako, Anselme

Bujumbura, 6 Oktoba 1997

Yaya,

Salamu nyingi kwenu wote. Barua yako ya kunikataza imenikuta nimeshajaza fishi. Penye shahidi niliandika: ndugu yake, baba mmoja, mama mmoja. Shefu alisoma mara mbili, akapiga muhuri, kisha akaniambia nikusanye vitu vyangu. Sijui kama yataishia hapo.

Mama sikumwambia. Leo saa sita redio ilitaja jina lako lote, ndipo wimbo ukaanza. Mama alinishika mkono, hakuuachia mpaka wimbo ukaisha. Halafu akaniuliza mbona siko kazini.

Mdogo wako, Jovithe