Tangazo la Mwanangu Antoni

Jumapili, 7 Machi 1976
Ibada imeisha saa nne. Padri huja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kaongoza katekista. Matangazo nimesoma mimi, mwenyekiti wa kigango. Tangu nimalize kisomo cha watu wazima sibabaiki. Wenzangu bado wanahangaika na silabi.
La kwanza, kufyeka shamba la kijiji. La pili, mwanangu Antoni. Alhamisi nilimletea habari ya mchumba. Akasema moyo wake haujaenda kwa mwanamke hata siku moja, huenda kwa wanaume, na hataki kumdanganya binti wa watu. Nimetangaza Kanisa limemtoa. Komunyo hana, na akifa hazikwi na Kanisa. Alikuwa benchi la tatu. Kanyanyuka, katoka.
Baba gani mwingine angethubutu.

Jumanne, 9 Machi
Antoni karudi kazini Ngombezi, kwenye shamba la mkonge. Mama yake hanisemeshi. Ananiwekea ugali, anageuka. Shauri yake.

Jumamosi, 20 Machi
Padri kaja kuungamisha. Baadaye nimemweleza lile tangazo, nikingoja sifa. Kanitazama. "Mzee Petro, hayo umeyatoa wapi?"
Nikasema kila mtu anajua.
Akasema tendo lenyewe Kanisa linafundisha ni dhambi, hilo hafichi. Lakini moyo kuelekea huko si tendo, na haumtoi mtu Kanisani. Kutengwa, kunyimwa maziko, ni maoni yangu mwenyewe. Nimeyasemea mbele ya altare, watu wakadhani Kanisa limenena.
Nina hasira. Padri huyu mtoto wa juzi, nyumba anayolala nimeikandika mimi.
Hasira yenyewe siyo kwake.

Jumapili, 21 Machi
Padri katoa Misa, kisha kataka nisahihishe kwa mdomo wangu. Nimesahihisha. Antoni hajatolewa, yale yalikuwa maneno ya Petro. Mtu nyuma akasema, "Mzee alijipa uaskofu, leo kavuliwa kofia." Wamecheka, hata katekista.
Mama Antoni hakucheka.

Jumatano, 24 Machi
Nimekwenda Ngombezi kwa miguu. Antoni kaniamkia shikamoo, kanipa kigoda, kanichemshia chai. Nikamwambia Padri kasema hujatolewa.
"Nimesikia, baba. Padri kasema. Na wewe?"
Tumekunywa mpaka king'ora cha kiwanda kikalia. Akaenda kazini.
Nimeosha vikombe vyote viwili, nikavifunika, nikarudi.