Nitukane, Binamu

Levuka, 4 Machi 1994

Kwa binamu Maciu, kichwa nazi kavu,

Salamu kutoka nyumbani. Sote wazima, isipokuwa gego langu la chini, na wewe, ambaye hujawahi kuwa mzima. Shangazi anaendeleaje huko Brisbane? Mwambie namwonea huruma tangu siku aliyokuzaa.

Jino limeninyima usingizi. Daktari wa hapa amenipa nichague: aling'oe, au nivuke bahari hadi Suva wakanitibu mzizi, jino libaki. Akanionyesha visindano vinavyoingizwa ndani ya mzizi. Maciu, mimi niliyegombana na mkuu wa wilaya mbele za watu, nilirudi nyuma hadi ukutani. Mke wangu Laniana akacheka. Jirani naye anadai mshipa wa jino umeungana na jicho, ukiguswa, mtu hupofuka. Wewe ulitibiwa mwaka jana. Niambie ukweli, wanafanya nini mle ndani?

Binamu yako anayekudharau,
Ilaitia


Brisbane, 15 Machi 1994

Kwako Ilaitia, simba wa mikutano, panya wa hospitali,

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unakojoa kitandani.

Jicho halihusiki. Mwambie jirani yako afunge mdomo kabla hajaua mtu. Wanapiga picha ya jino, kisha sindano ya ganzi kwenye ufizi. Hiyo inauma kidogo. Ukisikia maumivu baada ya hapo, inua mkono, wanaongeza. Wanakufunika mdomo kwa kipande cha mpira, jino lenyewe tu ndilo linachungulia. Hapo utadhani unakosa pumzi. Pumua kwa pua. Wanatoboa juu ya jino. Unaujua ule uzi wa katikati ya muhogo? Jino nalo lina wake, na wako umeoza. Wanautoa kwa vile visindano, wanasafisha, wanaweka dawa, wanaziba kwa muda. Siku chache unatafuna upande mwingine. Baadaye unarudi, wanajaza mzizi na kulivika jino kofia.

Na usikubali kung'olewa kwa sababu tu ni rahisi. Miaka yote wametung'oa kama magugu, huku wakubwa wakizeeka na meno yao yote. Nani aliamua kwamba mdomo wa mtu wa visiwani ni wa mapengo? Kama halifai kuokolewa, sawa, litoke. Lakini wakujibu kwanza.

Hili sikutanii: taya likivimba, ukipata homa, au kumeza kukawa kugumu, usingoje hata jioni. Nenda hospitali.

Binamu yako mwenye meno,
Maciu


Levuka, 5 Aprili 1994

Mpendwa Maciu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi si mzima sana.

Nilivuka hadi Suva. Nilikaa kwenye kiti, nikapigwa ganzi. Walipoleta ule mpira nikainuka nikatoka, kitambaa chao bado shingoni, watu wa foleni wote wakinitazama. Siku chache baadaye maumivu yakakatika kabisa. Nikamwambia Laniana, unaona, limejiponya. Nikanywa yaqona yetu ya mizizi na wenzangu, tukawacheka madaktari mpaka bakuli likakauka.

Sasa shavu limevimba hadi chini ya taya, na hata maji yanapita kwa shida. Laniana ananihimiza twende hospitali, nami namwambia kesho. Naogopa watakachosema.

Msalimie sana shangazi. Umekuwa binamu mwema kwangu.

Ilaitia


Brisbane, 13 Aprili 1994

Ilaitia,

Sikuulizi hali, naijua. Maumivu yalikatika kwa sababu ule uzi umekufa. Uozo haukufa, umeshuka. Barua hii ikikukuta kitandani, inuka. Laniana, kama ni wewe unayeisoma, mburute. Napiga simu posta ya Levuka tangu asubuhi, haipokelewi.

Baba yako alimtukana shemeji yake, baba yangu, maisha yake yote, kama mimi na wewe. Kisha ikaja barua yake moja ya heshima, "mpendwa", na kabla baba hajaijibu tulikuwa tumemzika mjomba. Nimeipekua yako mbele na nyuma nikitafuta tusi. Hakuna. Umeniita mwema.

Niite mbwa. Niite chochote. Neno moja, kwenye karatasi yoyote.

Maciu


Brisbane, 24 Aprili 1994

Ilaitia,

Posta wamepokea. Wanasema nyumba yenu imefungwa, na jirani hajui mlikokwenda. Mama amekaa na sahani yake, hagusi chakula. Yeyote atakayefungua barua hii, tafadhali aniandikie.

Maciu


Suva, 26 Aprili 1994

Kwako Maciu, mliaji, mbwa uliyevikwa kofia ya jino,

Hujambo wewe na shangazi? Mimi nipo wodini. Laniana hakusubiri kesho yangu. Alinipakia melini kama gunia la mbata. Wakanipasua chini ya taya, usaha ukatoka. Kwa siku kadhaa mdomo haukufunguka, na niliwasikia wauguzi wakiulizana kama bado napumua. Nilitaka kuwajibu, nikashindwa. Sitaki kukumbuka.

Jino limebaki. Wamelisafisha jana. Mpira ulipokuja nilipumua kwa pua, nikamshika Laniana mkono hadi akasema nitamvunja vidole. Nilisikia kelele tu.

Barua yako ya kilio ilitufuata hapa kwa mkono wa nahodha aliyetuvusha. Laniana ameisomea wodi nzima. Mzee wa kitanda cha pili anauliza kama wewe ni mke wangu wa kwanza. Nilicheka mpaka kidonda kikauma.

Jumanne ijayo narudi kujaziwa mzizi. Bado naogopa, ona mwandiko. Andika upesi, kichwa nazi, na usithubutu kuwa na adabu.

Binamu yako,
Ilaitia