Chemli yenye mkia

Priska, bado nimeshika brashi. Mwalimu Mwanahawa amekaa chini anacheka hadi machozi.

Ule ukuta wa chekechea hapa Machame, alisema nichore taa mwenye mkia mrefu, mkiani mwiba wa sumu, amejifukia mchangani. Nikajiambia watu wa Tanga kama yeye wana mambo yao. Nikachora chemli. Chemli yenye mkia, Priska!

"Fundi, taa ni samaki! Bapa kama chapati. Ukimkanyaga anarusha mkia, anakuchoma!"

Samaki!! Mimi wa migombani ningejuaje?

Sasa watoto wamegoma kuingia darasani, wanasema taa ya darini itawachoma. Na wazazi wanakuja kesho kutwa kuuona ukuta.

Kesho nafuta utambi na kioo. Mkia nauacha, huo niliupatia.