Kifungo cha Nyuma ya Sikio

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumai mgongo umepata nafuu na umeacha ule ubishi wako wa kubeba ndoo mbili mbili. Huku tu wazima, ila shemeji yako amevunjika nyonga. Barua hii isome ukiwa peke yako.

Uliniuliza kuhusu kifaa changu cha kusikia. Kidonda cha upasuaji kimepona na skrubu imeshikana na mfupa wa kichwa. Kila asubuhi naisafisha kwa brashi laini, kisha nakipachika kifaa, tap, kama kifungo cha koti. Sauti inapita kwenye fuvu. Siku za mwanzo nikitafuna karanga nilidhani ukuta unabomoka! Wenzangu wa cherehani wamekipa jina la Kifungo. Nikikifunika kwa mtandio kinapiga mluzi, na ubavu ule siulalii tena. Lakini nasikia, dada. Nasikia mkasi ukikata kitambaa.

Nilipokuwa kiziwi, mume wangu alijisifu kwa watu kwamba kapata mke asiye na maneno. Nilipoanza kusikia, nikaanza kujibu. Siku ya kwanza tuliyobishana alinyoosha mkono akakibandua kifaa kichwani mwangu kama anazima redio, akaendelea kufoka huku mimi naona midomo tu. Ikawa ndiyo tabia yake. Alikibandua mbele ya wageni, wakacheka hadi machozi. Kuna siku alikivuta kwa pupa nikatoka damu, akasema nadeka. Juzi juzi nilimkataza binti yetu kutoka. Binti naye akanitazama, akakibandua, akaenda zake. Hapo kuna kitu kilikatika ndani yangu.

Jumapili shemeji yako aliteleza bafuni, mlango kaufunga kwa ndani. Watoto hawakuwapo. Mimi nilikuwa chumba cha pili napinda pazia la mteja. Watu wote wanajua jirani ndiye aliyesikia kelele, akaja kuuvunja mlango. Walinizunguka wakinipa pole, wakisema, “Maskini, angesikiaje?”

Nilisikia, dada. Nilisikia kishindo, kisha nikamsikia akiita, “Mke wangu, nakufa!” Nikakivua mwenyewe, nikakiweka mezani karibu na pini, nikaendelea na pazia hadi likaisha. Mshono haukupinda hata kidogo.

Jana nikimnywesha supu aliniuliza, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, kama siku ile nilimsikia. Nikamjibu, “Tangu ulipoita mara ya kwanza.” Kijiko kikagongana na meno yake. Hajamwambia mtu, na nani angemwamini? Sasa akitaka maji anaitazama glasi tu, anangoja nigeuke.

Wabusu watoto, na shemeji msalimie sana. Mama usimwambie chochote. Akiuliza habari zangu, mwambie nasikia vizuri.

Ni mimi,
mdogo wako