Unga Ulioumwaga Haukuwa na Kosa

Njombe,
Jumapili, baada ya kazi.

Kwa wifi yangu Mwajabu, Chanika.

Shikamoo wifi. Huku baridi imetukaba koo lakini tunapumua, na kazi ya mikate inaendelea. Sijui wewe na lile goti lako mmefikia wapi. Ukiniambia limepoa nitajua unanidanganya, maana nilikuona unavyochuchumaa jikoni kwa kushika ukuta. Na Sefu, mwanangu, wiki hii anaendeleaje? Nauliza kwa kalamu kwa sababu simu yako ukiipokea unaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inanisikia mpaka kuku. Haya ya leo yasome peke yako kwanza.

Nianze na wivu, maana ndio mzizi wa yote. Wifi, nakuonea wivu. Si wa nguo wala wa nyumba. Nakuonea wivu kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nilipomwacha kwako mwaka jana alikuwa na miaka mitano, hageuki akiitwa, anauma mkono wake mpaka unatoa damu, na kutwa anazungusha mifuniko ya masufuria sakafuni. Mume wangu, mdogo wako, yuko barabarani na lori, mimi nimepata kazi ya tanuri huku mbali, wewe ukasema mleteni. Ukampeleka kwa yule tabibu wa mizizi hapo mtaani, akakataza ngano, maziwa ya ng'ombe na sukari. Kliniki ya hospitali nayo hukuiacha. Ukawa unampikia ugali wa muhogo na mboga ya mchunga, unamnywesha dawa chungu kikombe cha kahawa asubuhi na jioni, na habari zikaanza kunifikia. Sefu analala vizuri. Sefu kapeleka sahani yake kwenye beseni. Sefu kakaa mkekani mpaka chakula kikaisha. Kila habari nilimshukuru Mungu, halafu nikanuna siku nzima. Ile video uliyonitumia, anaitwa halafu anageuka, niliitazama mpaka chaji ikaisha, na nilichokuwa nakisikia ni kwamba sauti iliyomwita ni yako.

Likizo ilipofika nikaja na begi limejaa skonzi nilizozikanda mwenyewe. Ulicheka, ukasema mtoto wa kambini haji mikono mitupu, unavyopenda kuniita kwa kuwa babu yangu alikata mkonge, kisha ukaniambia kwa upole nizigawe kwa majirani. Ndicho kitu pekee ninachojua kukitengeneza vizuri, na mwanangu amekatazwa. Sefu mwenyewe alinipita mlangoni kama mpangaji, akaenda kuweka kichwa pajani kwako. Nilicheka na waliokuja kunisalimia, moyoni nikiwa nachemka. Ndipo ukasema, "Mpe nafasi wifi, atakuzoea."

Atakuzoea. Anayezoewa ni mgeni, wifi. Mimi nimembeba tumboni miezi tisa, leo nizoewe kama viatu vipya? Najua hukuwa na ubaya, lakini neno lile lilinichoma kama mwiba wa samaki.

Alhamisi ulipokwenda msibani Mkumbara, nilifunga mlango wa uani, nikachemsha chai ya maziwa, nikazitoa skonzi nilizokuwa nimezificha. Nikamchovyea, akala nne. Alicheka, wifi. Alinilamba sukari vidoleni, akanishika mashavu kwa mikono yake miwili, akanitazama machoni, mimi, mama yake. Nilijiona nimeshinda. Sikuwaza kesho wala dawa, niliwaza tu kwamba ukirudi utanikuta naye pajani. Na ulinikuta hivyo hivyo, ukafurahi kwa ajili yangu, na furaha yako ikazidi kuniudhi.

Kilichofuata unakijua. Kesho yake tumbo lilimsokota, akaanza kukimbia uani kwenda na kurudi, kuuma mkono, kugonga kichwa ukutani, na mifuniko ikarudi sakafuni. Siku nne. Ulimwuliza kila mtu Sefu kala nini, na mimi uliniuliza, nikasema sijui. Ukaamini unga wa muhogo umechanganywa na ngano kule mashineni. Ukaenda kumgombeza mwenye mashine mbele za watu, ukarudi ukamwaga debe zima kwenye shimo la takataka, na mimi nikakushikia ndoo. Ulipokaa kizingitini ukalia, nilikwambia, "Labda umechoka kulea, wifi." Yale maneno niliyasema kwa makusudi.

Nikafanya baya zaidi. Nilipofika huku nilimpigia mdogo wako, nikamwambia umeshindwa masharti, mtoto ahamishiwe kwa mama yangu Makuyuni. Akakubali kwamba Ijumaa hii atakuja kumchukua. Nilitaka Sefu awe mahali ambapo akipona, sifa itakuwa ya upande wangu. Mama yangu macho hayamsaidii tena, na angempa chai ya maziwa kwa mapenzi tu. Hilo nalo nililijua.

Jana ukanitumia ujumbe kwamba umeshakunja nguo zake, na kwamba nikusamehe kwa kushindwa. Nikusamehe wewe! Leo nimekanda unga mpaka msimamizi akaniuliza huo unga umenikosea nini. Wifi, nilimlisha mimi.

Sijui kama kilichomvuruga ni ngano, au maziwa, au ni kuona mama anakuja na kuondoka. Daktari wa kliniki hakutuahidi kitu, na yule tabibu simwamini kwa yote anayosema. Ningependa iwe ni mizizi yake ndiyo inayomtuliza, kwa sababu mizizi hufungwa kwenye gazeti ikasafiri mpaka Njombe. Ikiwa ni wewe, mimi nitabeba nini?

Mdogo wako nimemweleza yote asubuhi. Akasema, "Mwambie dada nguo azirudishe kabatini." Ijumaa haji kumchukua mtu. Mengine aliyoniambia yabaki yetu, na niliyastahili.

Nisalimie binti yako Tatu, ambaye alikuwa wa kwanza kushukiwa kwamba kampa Sefu biskuti. Mama mkwe wangu mfikishie shikamoo yangu, ila haya usimsomee, nitamweleza kwa kinywa changu. Mwenye mashine mwambie nina neno naye, na nitalisema mbele za watu wale wale uliomgombeza mbele yao.

Wivu haujaniisha, sitakudanganya. Hata nikiandika hapa nakuona unamnywesha dawa, na roho inaniuma. Nimepewa siku tatu za Idi. Ukisema nisije, sitakuja. Ukisema nije, nipekue begi mlangoni kabla hujanipa mtoto.

Ni mimi wifi yako,
Rehema