Nta Kwenye Krosi

Ijumaa, adhuhuri. Joto la mwezi wa kumi. Wingu linajikusanya upande wa mashariki, halafu linaghairi.

Naogopa. Nianze na hilo, maana daftari hili halina faida nikianza kulidanganya na lenyewe.

Nimekaa kwenye benchi la gereji ya wakala aliyetuuzia lori, hapa Tabora mjini. Lori la kijiji liko mbele yangu, nyuma limenyanyuliwa juu ya magogo. Propela shafti, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, imeshushwa na kulazwa juu ya gunia. Mafundi wote wamekwenda kuswali Ijumaa. Fundi mkuu, Mzee Sefu, aliniuliza kama na mimi naswali, nikamwambia mimi ni Mkatoliki. "Basi vizuri, baba," akasema. "Tulindie vyombo. Tukirudi tutafungua krosi."

Amenikabidhi mimi. Mimi!

Krosi ni viungo viwili vya hiyo shafti, kimoja mbele na kimoja nyuma, kama magoti ya mtu. Vyetu vimelika. Wiki ya pili sasa, kila nikibadili gia nasikia ko huku chini. Dhamana ya lori inaisha kesho saa sita mchana. Kilicholika kabla ya hapo wakala anakibadilisha bure, mradi gari limetunzwa kama kitabu cha sevisi kinavyoagiza. Baada ya hapo ujitafutie mwenyewe, na vipuri nchi nzima ni hadithi. Kijiji cha jirani trekta lao lina mwaka juu ya mawe, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Sisi lori letu tulilinunua kwa tumbaku ya kijiji kizima. Siku nilipokabidhiwa ufunguo mama yangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Sasa nta.

Mwezi wa tano grisi iliadimika. Nilimwambia Mwenyekiti wa kijiji tulipumzishe lori mpaka ipatikane. Akanicheka. Akasema, ndugu dereva, watu wa asali kama sisi tunakwenda kupiga magoti kwa ajili ya grisi? Tukachukua nta ya mradi wa nyuki, tukaichemsha na mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria kubwa la kijiji. Ikapoa laini, inateleza vizuri kabisa. Nikaijaza kwenye bomba la grisi, nikasukuma. Mkutanoni nilisimamishwa nikapigiwa makofi, eti kujitegemea kumefika mpaka uvunguni mwa lori. Nilifurahi sana, sikatai. Baridi ya mwezi wa sita ikaja, nta ikaganda humo ndani, vyuma vikaanza kutafunana vikavu.

Na kitabuni kila mwezi nikaandika "grisi", nikatia sahihi. Mara tano. Sahihi yangu nzuri, ile niliyofundishwa misheni.

Leo nimetoka kijijini kwetu Tura kabla ya jua kuchomoza. Nilipofika Igalula nilisimama, nikaingia uvunguni kutazama. Babu yangu alipita njia hii hii kwa miguu, na pembe ya tembo begani, akaenda pwani na kurudi. Magoti yake hakuyapaka kitu, na hakuna aliyemdai sahihi.

Ninachokiogopa kina jina. Redioni kila siku wanasema hujuma. Mtu akiharibu mali ya umma hawaulizi alikuwa mjinga au alikuwa adui. Mzee Sefu akifungua akakuta nta, na kitabu kinasema grisi, dhamana imekufa, lori limekufa, na sahihi ni ya nani? Si ya Mwenyekiti. Yeye ataniruka kimanga.

Chini ya benchi hili kuna debe la mafuta ya taa, la kuoshea vyuma. Koleo ninalo mfukoni.

Bado hawajatoka msikitini.

*

Jioni. Joto lile lile.

Nimefanya. Nilifungua krosi ya nyuma, nikaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Ndipo nikaona upumbavu wangu: ilikuwa kavu kabisa, imechubuka, utadhani haijaonja grisi tangu izaliwe. Nilichofuta ni nta tu, na ulikaji umebaki pale pale. Nikafungua ya mbele, nikiwa sijui hata nataka kufanya nini, mara nikasikia makubazi getini.

Mzee Sefu hakupiga kelele. Nilimwamkia shikamoo mara ya pili leo, kama mwehu. Akaitika marahaba. Akachuchumaa, akatia kidole kwenye krosi ya mbele, akanusa. Akatia kwenye ya nyuma, akanusa. Kisha akajipangusa taratibu kwa kitambaa.

"Nta naijua," akasema. "Mwaka huu wa shida watu wametia mpaka samli. Mjinga wa grisi nilikuwa naweza kumtetea kwa meneja. Haya, hii ya mafuta ya taa nitaitetea vipi?"

Nikasema, "Niliogopa, mzee."

"Najua umeogopa. Kesho saa nne meneja atakuwepo. Utamwambia mwenyewe, habari zote mbili. Mimi siongezi wala sipunguzi."

Kwa hiyo saa mbili zitabaki kabla ya dhamana kwisha, na lori la kijiji kizima litaning'inia kwenye ulimi wangu. Mficha uchi hazai, mama husema. Nta ilikuwa ujinga, tena ujinga wa watu wengi, tulioupigia makofi pamoja. Mafuta ya taa ni yangu peke yangu.

Je, meneja akiita polisi? Nikifika pale mlangoni nikasema nta tu, nikaimeza ya pili? Najijua. Ndiyo maana naandika: kesho nitaanza na mafuta ya taa, kabla sijapata nafasi ya kuogopa tena.

Nitalala humu humu kwenye lori. Mchana Mzee Sefu aliniachia gereji nzima. Jioni hii, kabla ya kuondoka, ameingiza stoo koleo, spana, matambara, hata lile debe, akafunga kufuli, akavuta mara mbili kuhakikisha. Aliponiona namtazama, aliinamisha macho. Aliyeona haya alikuwa yeye.